Bata bukini wazito wa maonyesho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu afya na maisha marefu

Maswali haya hayaishi. Anayeuliza leo ni yule aliyenunua jozi yake ya kwanza wiki iliyopita, na kesho ni yule mwenye vikombe vya ushindi kabatini ambaye dume wake hawezi tena kusimama. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yale yanayotokea kwa nadra. Jibu lililokwisha kutolewa mahali pengine, nimekuelekeza huko.

Utaona majibu mengi yanarudi kwenye jambo moja. Bata bukini mzito hauawi na ukubwa wa ukoo wake. Anauawa na uzito aliotiwa haraka kabla mifupa yake haijawa tayari kuubeba.

## Mambo ya mwanzo

Bata bukini mzito wa maonyesho ni yupi hasa?

Ni yule ambaye wazazi wake wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ukubwa na umbo. Wanaoonekana sana ni watatu. Toulouse wa maonyesho ana ngozi inayoning'inia kooni na mkunjo mwingine kifuani unaokaribia kugusa ardhi. Embden ni mweupe, mrefu, na jina lake limetoka mji wa Emden, Ujerumani. Wa tatu ni bata bukini wa Afrika, mwenye nundu juu ya mdomo. Jina la huyu linapotosha, kwa sababu babu yake ni bata mwitu wa Asia ya Mashariki, Anser cygnoides. Toulouse na Embden wametokana na bata mwitu wa kijivu, Anser anser.

Bata mwitu wa kijivu ana kilo 3 hadi 4. Dume wa Toulouse wa maonyesho hufika kilo 12, na Embden aliyekamilika anaweza kupita hapo. Kwa hiyo muundo wa miguu, nyonga na moyo ni ule ule aliorithi kwa babu, ila mzigo umekuwa mara tatu.

Jihadhari pia na jina tupu. Kuna Toulouse wa shambani, wepesi zaidi, wasio na ngozi kooni. Ni ndege wazuri, lakini ushauri wa ulishaji wao si huu.

Ataishi miaka mingapi?

Akitunzwa vizuri, miaka 15 hadi 20 si ajabu. Jike anaweza kuendelea kutaga mayai yenye faida hata akiwa na miaka 8 au 10, wakati dume mzito huchoka mapema zaidi. Wanaokufa wakiwa na miaka 4 au 5 mara nyingi wameondoka kwa miguu, kwa ini lililojaa mafuta au kwa matatizo ya mayai, na yote matatu yanaanzia kwenye chombo cha chakula.

Nikienda kununua, niangalie nini?

Tazama mwendo kabla ya uzuri. Mwombe mwenye ndege amtembeze hatua 20 hivi kwenye ardhi tambarare, wewe ukiwa nyuma yake. Bata bukini mzito huyumba kidogo, hilo ni la kawaida, lakini hatua za mguu wa kulia na wa kushoto ziwe sawa. Anayekaa chini kila baada ya hatua tano ana tatizo, hata ukiambiwa ni mvivu tu.

Kisha mshike. Jicho liwe kavu na angavu, na pua isitoe kamasi. Geuza nyayo utafute kigaga cheusi au uvimbe. Kunjua kila bawa uone kama linarudi lenyewe mahali pake. Weka sikio mgongoni usikilize pumzi. Kama inawezekana, omba kuwaona wazazi, hasa wakiwa na miaka 5 na kuendelea. Mama mwenye miaka 9 anayetembea vizuri ana thamani kubwa kwangu kuliko kikombe alichoshinda mwanawe.

Naweza kumfuga mmoja peke yake?

Hapana. Ni ndege wa kundi, na mpweke hupiga kelele, hula ovyo na hunyong'onyea. Anza na jozi, au dume mmoja na majike wawili. Dume mzito asipewe zaidi ya majike watatu.

## Chakula na maji

Chakula chake cha kila siku kiwe nini?

Nyasi kwanza. Bata bukini ni mla nyasi, na nyasi fupi na laini za sentimita 5 hadi 8 ndizo anazoweza kuzimeng'enya vizuri. Nyasi ndefu zilizokomaa zina nyuzi ngumu, na kwa kuwa hana gole halisi kama la kuku, bali koo linalotanuka tu, nyuzi hizo zinaweza kujisokota na kuziba njia. Kata nyasi kabla hujawafungulia.

Juu ya nyasi, mpe chakula cha kutunza mwili chenye protini asilimia 14 hadi 16. Wakati wa kutaga, jike apate asilimia 16 hadi 18 pamoja na chokaa ya maganda ya konokono wa baharini, iliyowekwa chombo cha peke yake ili ajichukulie. Changarawe ya kusagia chakula kwenye firigisi isikosekane hata siku moja.

Nafaka ni kitoweo cha jioni, si mlo. Konzi moja ya ngano iliyolowekwa inatosha kuwarudisha bandani wakikimbilia sauti yako.

Nitajuaje kwamba amenenepa kupita kiasi?

Usitegemee macho, manyoya yanaficha mengi. Tumia mkono. Pitisha vidole katikati ya kidari utafute ule mfupa mrefu. Kwa ndege mwenye afya unaugusa bila kubonyeza, na nyama iko pande zote mbili. Ukilazimika kubonyeza ndipo uupate, amezidi. Ukiushika kama makali ya kisu, amekonda.

Kisha shika tumbo kati ya miguu. Toulouse aliyekomaa ana mikunjo miwili hapo kwa asili, na inapaswa kuwa laini, yenye kutikisika. Ikiwa imejaa na kukakamaa, ama ni mafuta au kuna jambo tumboni (tazama swali la jike aliyejikunja).

Nawapima wote mara moja kwa mwezi. Napanda kwenye mizani nikiwa nimembeba, kisha napanda peke yangu na kutoa. Daftari langu limeniambia mambo ambayo jicho lilikosa: jike aliyepoteza gramu 600 kwa mwezi mmoja, akiwa bado anakula na wenzake, alikuwa na minyoo ya firigisi.

Nataka awe mkubwa kwa maonyesho ya mwaka huu. Nimlishe nini?

Hili ndilo swali linaloniuma zaidi, kwa sababu najua majibu anayopewa muulizaji kwingine.

Bata bukini mzito hukua kimo katika miezi ya mwanzo, lakini hakamiliki mwili hadi mwaka wa pili, na Toulouse mara nyingi hadi wa tatu. Ngozi ya koo na mkunjo wa kifua hushuka polepole kwa umri. Hakuna chakula kinachoharakisha ngozi hiyo. Ukimwongezea mahindi na protini, unachoongeza ni mafuta tumboni na mzigo kwenye viungo ambavyo bado ni laini.

Nilifanya kosa hilo mwenyewe. Nilikuwa na dume mwenye kichwa kizuri kuliko wote niliowahi kutotoa. Akiwa na miezi 9 alikuwa na kilo 11, nami nikijivunia kila gramu. Mwezi wa 14 alianza kukaa baada ya hatua chache. Kifundo cha mguu wa kushoto kilivimba kikawa cha moto mkononi, kisha akawa anasogea kwa kujisukuma na mabawa. Ndugu yake wa tumbo moja, niliyemwacha nyuma kwa sababu ya doa la manyoya, alikua kwa nyasi na chakula cha kawaida. Akiwa na miaka 3 alikuwa na kilo 11 na nusu, na alitembea hadi uzeeni.

Kwa hiyo, mwaka wa kwanza mwonyeshe kama kinda, katika kundi la makinda. Mwamuzi anayejua kazi yake hategemei kuona umbo la mkubwa kwa ndege wa miezi 8. Mlishe akue mifupa: nyasi, mwendo wa kutosha na chakula cha asilimia 15. Uzito atauweka mwenyewe.

Naweza kuwapa chakula cha kuku?

Wakubwa wanaweza, kama kiwango cha protini kinafaa. Vifaranga wana shida ya niasini, yaani vitamini B3. Kifaranga wa bata bukini anahitaji takriban miligramu 65 kwa kilo ya chakula, karibu mara mbili ya mahitaji ya kuku. Akikosa, miguu inapinda na vifundo vinavimba. Kwa kifaranga wa ukoo mzito hilo ni janga. Ongeza hamira kavu ya bia, kijiko kimoja cha mezani kwa kila kikombe cha chakula.

Soma pia lebo. Chakula cha kuku wa nyama mara nyingi huchanganywa na dawa ya kuzuia koksidiosi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, iliyopimwa kwa ulaji wa kuku. Bata bukini anakula zaidi, hivyo anaweza kupata dozi kubwa kuliko ilivyokusudiwa. Tafuta kisicho na dawa. Cha kuku wa mayai nacho kisipewe makinda wala madume kama mlo wao wa kudumu: chokaa yake ni nyingi mno, na figo ndizo zinazoumia.

Mkate na mabaki ya jikoni je?

Mkate hapana. Unashibisha bila kujenga. Mboga za majani mbichi zinafaa. Parachichi, chokoleti, maharage mabichi na viazi vilivyogeuka kijani viwe mbali nao. Kagua pia maua ya uani, maana mwoleanda unaua.

Chochote chenye ukungu ni sumu, hata ukipukuta ule unga wa kijani. Sumukuvu haionekani wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa chakula chenye karanga zilizoota kuvu, na jamii ya bata nayo ni dhaifu sana kwa sumu hiyo. Ini la ndege mzito lina kazi ya kutosha tayari.

Lazima niwe na kidimbwi?

Kinachohitajika bila mjadala ni chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa kizima. Bila hicho hawezi kuosha macho na pua, na uchafu unaganda hadi jicho linaziba.

Kidimbwi si lazima, lakini kwa ndege hawa kina faida ambayo wepesi hawaihitaji sana: majini miguu inapumzika. Dume mzito pia hupanda jike kwa urahisi zaidi majini, na mgongo wa jike haukwaruzwi. Sentimita 50 za kina zinafaa. Njia ya kuingilia iwe ya mteremko mpole wenye kushika mguu, maana ukingo mrefu ndio unaoteguza nyonga.

Maji yabadilishwe. Maji yaliyotuama yenye mizoga na majani yanayooza hasa wakati wa joto huzaa sumu ya botulini, na dalili yake ya kwanza ni shingo kulegea kama kamba.

## Vifaranga

Jike mzito aatamie mwenyewe?

Mara nyingi mimi simwachii. Mayai huchukua siku 30 hivi, wakati mwingine zaidi kidogo kwa koo nzito, na mama mwenye kilo 9 huvunja mayai au kukanyaga waliotoka. Mpe jike mwepesi ayaatamie, au tumia mashine.

Joto liwe kiasi gani?

Nyuzi 32 za Selsiasi wiki ya kwanza, kisha punguza 3 kila wiki. Watazame wao kuliko kipimajoto. Wakirundikana wana baridi, wakijitenga pembeni midomo wazi wana joto, wakitawanyika na kulala kila mmoja kwake mambo ni shwari.

Kifaranga miguu yake inateleza pande mbili. Nini?

Mara nyingi ni sakafu. Gazeti na plastiki havishiki mguu, na kiumbe kinachoongezeka uzito kila siku hakiwezi kujisahihisha. Weka mkeka wa mpira au kitambaa cha taulo kwa siku za mwanzo, kisha maranda. Aliyekwisha kutawanyika miguu, ifunge kwa utepe laini kwa upana wa kawaida wa kusimama, siku 2 hadi 4, ukimsaidia kufika kwenye maji. Ukimkamata siku ya kwanza anapona. Wiki ikipita, ni vigumu. Kama sakafu ni nzuri na bado miguu ni dhaifu, rudi kwenye swali la chakula cha kuku.

Bawa limegeuka nje. Ni ugonjwa?

Hauambukizi. Manyoya makubwa ya bawa yanapochipua yamejaa damu na ni mazito, na kama kifaranga anakua haraka mno, kiungo cha mwisho cha bawa hakiwezi kuyabeba kikazunguka nje. Dirisha la hatari ni kati ya wiki ya 3 na ya 8. Likunje bawa mkao wake wa asili, lifunge kwa bendeji laini inayojishika yenyewe, siku 3 hadi 5, ukilifungua kila siku aweze kulinyoosha. Usilifunge kifuani kwa kubana, kifua kinahitaji kupanuka apumue.

Sambamba na hilo punguza protini. Asilimia 20 inatosha kwa wiki 3 za kwanza, baada ya hapo shuka hadi 15 au 16 na uwatoe nyasini. Mifupa ikishakomaa, bendeji haisaidii tena. Ndege huyo anaishi vizuri kabisa, ila haendi maonyeshoni, na mimi simzalishi.

## Miguu, mayai na uzazi

Kuna kigaga cheusi chini ya wayo. Nifanyeje?

Hilo ni jipu la wayo linaloanza. Ngozi imechanika kwa saruji, jiwe au msumari, bakteria wameingia, na uzito unausukuma uchafu ndani kila anapokanyaga.

Likiwa bado kigaga tu, bila uvimbe wala joto, mguu ulowekwe maji ya vuguvugu yenye chumvi dakika 10 kila siku, ukaushwe, upakwe dawa ya kuua vijidudu, na ndege ahamie kwenye matandazo makavu mazito. Kama kuna uvimbe, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usaha wa ndege hautiririki kama wa mnyama. Ni mgumu kama jibini, na wale wanaolikata jipu kwa wembe nyumbani huacha mzizi ndani na kuupeleka kwenye mfupa.

Ninavyozuia: nageuza nyayo za kila mmoja siku ya kuwapima. Inachukua nusu dakika.

Ameamka anachechemea. Nisubiri?

Siku moja tu, akiwa peke yake mahali padogo penye matandazo, wenzake wakionekana. Gusa mguu wote kuanzia vidole hadi nyonga ukilinganisha joto la pande mbili. Kama hakuna nafuu siku ya pili, au mguu unaning'inia, muite daktari. Usimpe dawa za maumivu za binadamu kwa kukisia.

Jike anayechechemea wakati wa kutaga huenda hana shida ya mguu kabisa. Soma swali linalofuata.

Jike amejikunja, mkia unapwita, hataki kula.

Mchukulie kama mwenye yai lililokwama hadi ithibitike vinginevyo. Mweke mahali pa joto na giza kidogo, maji ya vuguvugu hadi tumboni kwa dakika 20, na umpatie kalsiamu. Yai lisipotoka kwa saa chache, ni kazi ya daktari. Usilivunje ndani.

Tumbo lililojaa kama mfuko wa maji, pumzi fupi na mwendo wa kujipanua kama wa pengwini ni dalili nyingine: kiini cha yai kimeangukia tumboni na kuleta maambukizi. Wanene na wanaotaga mfululizo ndio wanaopatwa zaidi. Kwa sababu hiyo siwashi taa bandani kuongeza mayai ya ndege wa maonyesho. Jike anayetaga msimu mmoja kwa mwaka na kupumzika anabaki nami muda mrefu.

Kiungo cha uzazi cha dume kimebaki nje.

Muda ndio kila kitu. Mtenge na majike na wenzake, maana watakidonoa. Kioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, kipake mafuta laini yasiyo na harufu, umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Kikikauka na kuwa cheusi, uzazi umekwisha, ingawa uhai unaweza kuokolewa. Apumzike msimu mzima.

Mayai mengi hayana mbegu.

Pima uzito wa dume kabla ya kumlaumu. Mnene hapandi vizuri. Kwa Toulouse, punguza kwa mkasi manyoya mazito yanayozunguka tundu la haja, kwa jike na kwa dume, mwanzoni mwa msimu wa kutaga. Wape maji ya kupandana. Jozi mpya zikutanishwe miezi kadhaa kabla, kwa kuwa hawa huchagua wenzi, na aliyeoanishwa kwa nguvu wiki ya kwanza ya mayai hakubali kirahisi. Kama yote haya yako sawa, tazama ukoo: kuzalisha ndugu kwa ndugu kwa muda mrefu kunashusha mbegu kabla hakujaharibu umbo.

## Magonjwa na vimelea

Nitoe dawa ya minyoo mara ngapi?

Pima kinyesi kwanza, mara mbili kwa mwaka, na kila unapoona uzito unashuka. Adui mkuu ni mnyoo wa firigisi, Amidostomum anseris. Anajichimbia kwenye utando wa firigisi, na ndege anakonda huku chakula kikipita bila kusagika. Makinda ndio wanaokufa. Daktari anaweza kukuandikia fenbendazoli na kukuambia mayai yasiliwe kwa siku ngapi. Dawa bila kuhamisha malisho ni bure, kwa sababu wachanga wa mnyoo wanasubiri kwenye nyasi zile zile. Makinda wapewe malisho ambayo wakubwa hawakukanyaga msimu huo.

Anapumua mdomo wazi lakini hana kamasi.

Kama hakuna joto kali, fikiria kuvu kwenye mapafu. Chanzo ni majani makavu au nyasi zilizohifadhiwa na unyevu. Ukifungua robota na kuona vumbi la kijivu likipanda, lirudishe ulikolitoa. Tiba ni ndefu na mara nyingi haifanikiwi, kwa hiyo kinga ni matandazo makavu na banda linalopitisha hewa.

Mafua ya ndege yanawahusu?

Yanawahusu sana. Ukoo wa kirusi cha H5N1 unaosumbua dunia ulitambuliwa mara ya kwanza kwa bata bukini, Guangdong, China, mwaka 1996. Tenga chakula na maji yao na ndege wa mwituni, badilisha viatu unapoingia bandani, na ufuate amri za mamlaka ya mifugo kuhusu mikusanyiko hata kama maonyesho uliyoyasubiri mwaka mzima yanafutwa. Vifo vya ghafla, shingo kupinda au kutetemeka: usipasue mzoga, toa taarifa.

Vifaranga wanakufa wote kabla ya mwezi mmoja.

Ugonjwa wa Derzsy, unaosababishwa na kirusi cha pavo, huua hivyo. Palipo na chanjo, majike huchanjwa kabla ya kutaga ili wapitishe kinga kwenye yai. Peleka mizoga mibichi maabara kabla ya kununua vifaranga wengine.

Shingo imelegea na kinyesi ni kijani kibichi.

Mbali na botulini (tazama swali la kidimbwi), shuku sumu ya madini ya risasi (ledi): vipande vya risasi za bunduki, uzito wa ndoano, rangi ya zamani. Bata bukini huvimeza akidhani ni changarawe. Picha ya eksirei inaonyesha, na tiba ipo ikiwahiwa.

## Siku za maonyesho

Nimwoshe lini?

Siku 3 hadi 5 kabla, apate muda wa kujipaka upya mafuta ya tezi ya mkiani. Maji ya vuguvugu, sabuni laini kidogo, kufuata uelekeo wa manyoya, na kusuuza mara mbili zaidi ya unavyodhani inatosha. Sabuni iliyobaki inafanya manyoya yanyonye maji. Mwenye kidimbwi safi na matandazo mapya anahitaji kufutwa uso na miguu tu. Ndani ya mikunjo ya ngozi ya koo pakaushwe vizuri, unyevu hapo unaleta vidonda.

Nimbebe vipi?

Kama anaweza kutembea, mwache atembee, ukimwongoza kwa fimbo mbili ndefu zilizonyooshwa kama kuta. Ukilazimika kumbeba, zuia mabawa kwa mkono mmoja, mkono mwingine uingie chini ya mwili ubebe uzito wote, kichwa kikitazama nyuma chini ya kwapa lako. Usimnyanyue kwa miguu, nyonga zitachomoka. Usimning'inize kwa shingo.

Kwenye gari, boksi liwe pana aweze kujigeuza, liwe na matandazo mazito na hewa pande zote. Ndege hatoki jasho. Anajipoza kwa kuhema, na mnene kwenye boksi la plastiki juani hufa kabla hujafika. Simama umpe maji.

Akirudi, amrudie mwenzake moja kwa moja?

Siku 30 pembeni kwanza, mhudumie wa mwisho, na ukague utitiri chini ya mabawa na kuzunguka tundu la haja. Najua ni ndefu, naye atalia kumwita mwenzake siku za mwanzo. Mweke mahali wasikiane sauti lakini wasishirikiane maji wala hewa ya banda moja.

## Hali zisizo za kila siku

Nundu ya bata bukini wa Afrika imebadilika rangi nchani.

Penye baridi ya kugandisha maji, ni kuungua kwa baridi. Usisugue. Mpe banda lisilopitisha upepo usiku. Ikipona, mara nyingi hubaki baka la rangi ya chungwa.

Ana miaka 16 na viungo vimekakamaa. Nimfanyie nini?

Msogezee maisha karibu. Maji na chakula viwe hatua chache kutoka anapolala, matandazo yawe marefu, na asizingirwe na madume vijana. Muombe daktari meloksikamu, dawa ya maumivu, iliyopimwa kwa uzito wake. Mpunguzie hata gramu 500 polepole, utaona hatua zikirefuka. Jicho likiingia ukungu, usihamishe vitu, ameshakariri uga.

Siku atakapokataa maji, au asipoweza kuinuka hata kwa msaada na kinyesi kikaanza kumchoma ngozi, daktari amtoe uhai bila maumivu. Usisubiri inzi watage.

Mwenzake amekufa, naye ameacha kula.

Hutokea, hasa kwa waliokaa pamoja miaka mingi. Kama kifo hakikutokana na maambukizi, mrudishe karibu na kundi ili asikie sauti za wenzake, mpe nyasi mbichi zilizokatwa kwenye maji, kwani wengi hukubali kuchezea maji kabla ya kula, na umpime uzito kila wiki. Mpya asiletwe mara moja. Mweke ng'ambo ya wavu baada ya majuma kadhaa, na ukiwaona wamelala kila mmoja upande wake lakini wameegemea wavu ule ule, ondoa wavu.